Fundi Aliyefuta Mvua

Fanueli Mgaya, mpiga video wa Mafinga, husema mwenyewe kwamba Mungu alimnyima vitu viwili: nywele za kudumu, na uwezo wa kuiacha kompyuta ifanye kazi yake bila kuigusagusa. La nywele watu humwamini kwa kumtazama tu. La kompyuta ndilo lililomletea balaa, na ndilo tunalolisimulia hapa kwa ruhusa yake. Anasema bora acheke wa kwanza, kwa sababu akiwaachia wengine watamcheka vibaya.

Ana miaka hamsini na mmoja. Kabla ya kamera alikuwa mnoa misumeno kwenye kiwanda kimoja cha mbao, kazi aliyoiacha akiwa bado na vidole vyote kumi, jambo ambalo wenzake waliliona kama uvivu. Kamera yake ya kwanza, ya kaseti, aliinunua kwa mtawa wa Kiitaliano aliyekuwa anarudi kwao. Hakufundishwa na mtu. Harusi ya kwanza aliipiga kinyume: alipodhani anarekodi alikuwa amesimamisha, na alipodhani amesimamisha ndipo kamera ilipokuwa inakula mkanda. Maharusi walipokuja kuchukua kaseti yao walikuta saa nzima na nusu ya nyasi, viatu vya watu, na tumbo la Fanueli likiwa limeinamia sahani ya pilau. Kiapo hakikuwamo.

"Ndoa ile ipo mpaka leo," hupenda kusema. "Nadhani ni kwa sababu hakuna ushahidi wa nini waliahidiana."

Tangu hapo alijifunza mengi, na kila alichojifunza alikijua kwa kukiharibu kwanza. Zikaja sidii, zikaja divididi, zikaja flashi, na sasa hakuna anayetaka chochote cha kushika mkononi. Kila mtu anataka video iingie kwenye simu. Hapo ndipo Fanueli alipojikuta bingwa wa kitu ambacho hata mkewe Happy hakijui jina lake vizuri: kubana video. Kuichukua sherehe ya jibii ishirini na kuikunjakunja mpaka itoshe mfukoni.

Fundi mwingine akitaka kubana, anafungua programu, anachagua seting iliyoandikwa "simu", anabonyeza, anakwenda kunywa chai. Fanueli anaona huo ni ubwege. Yeye hufungua kurasa za ndani, zile zenye maneno ambayo hata mtengenezaji wa programu nadhani huyaogopa. Anashusha fremu, anapandisha namba ya ubora, ambayo nayo ina vituko vyake, maana ikipanda yenyewe ubora unashuka. Anabana sekunde ishirini, anatazama, anatikisa kichwa, anabadilisha, anabana tena. Kwenye ukuta wa duka lake amebandika karatasi yenye namba za seting anazoziona ndizo siri ya biashara yake. Hakuna aliyewahi kujaribu kuiiba. Jambo hilo humuuma kidogo.

Sasa, mwishoni mwa mwezi wa tisa mwaka jana alifariki Mzee Sosthenes Kikoti, wa kijiji kimoja upande wa Sao Hill. Mzee huyu alikuwa mtani wa kila mtu. Alikuwa na msemo wake mmoja aliourudia miaka mingi, kila anapotaka kuwatisha watoto wake: "Siku ya kunizika, mvua ikinyesha, mjue nimeondoka na moyo mweupe. Isiponyesha, kila mmoja ajichunguze." Watoto walikuwa wanacheka, kwa sababu Mufindi manyunyu si ajabu, mtu akifa miezi mingi tu ya mwaka ana hakika ya kulowa. Lakini mwishoni mwa mwezi wa tisa hata Mufindi hukauka, na barabara zake hufuka vumbi jekundu mpaka kwenye miwani.

Na aliyekuwa na sababu ya kujichunguza alikuwepo. Mzee Sosthenes alimpa kila mtoto wake ekari moja ya miti ya paina, akawaambia wasiiguse mpaka ikomae. Dastan, mkubwa, alitii. Tekla, kitinda mimba, aliikata ya kwake ikiwa na miaka tisa tu, miembamba kama nguzo za uzio, ili afungue duka la nguo za watoto huko Mbalizi alikoolewa. Mzee alikwenda kusimama kwenye visiki akasema, "Umenikatia wajukuu." Mwaka mzima hakuongea naye. Baadaye walianza kusalimiana kwenye simu, salamu fupi za afya na hali ya hewa, lakini neno la miti halikuguswa na yeyote kati yao.

Siku mzee alipokata roho, Tekla alikuwa hospitalini Mbeya, amejifungua kwa kupasuliwa, kidonda kibichi. Na kwa desturi za kwetu mzazi haambiwi msiba. Ukoo ulikaa, ukaamua. Siku tano Dastan alikuwa akipokea simu za mdogo wake na kumjibu kwamba baba anaendelea vizuri, amekula, amelala. Siku ya tatu kati ya hizo aliijibu simu akiwa na udongo wa kaburi kwenye viatu. Tekla alipokuja kuambiwa, mzee alikuwa ameshazikwa, na swali lake la kwanza baada ya kulia lilikuwa moja.

"Mvua ilinyesha?"

Ilinyesha. Watu zaidi ya mia tatu waliiona. Jeneza lilipofika makaburini mawingu yakashuka juu ya miti, yakaanza manyunyu membamba kama unga wa kuchekecha, kisha yakashika kasi kidogo. Wazee walitazamana. Akina mama walipiga vigelegele vya chinichini, vile vya msibani ambavyo mtu hana hakika kama ni vigelegele au kilio. Fanueli alikuwepo na kamera yake, amekodiwa kurekodi, kwa ajili hasa ya Tekla.

"Ilinyesha, mdogo wangu," Dastan alimwambia. "Utaona mwenyewe kwenye video."

Wiki iliyofuata Dastan akafika dukani kwa Fanueli. "Fundi, Tekla simu yake imejaa picha za mtoto, na bando lake ni la kuungaunga. Ibane. Isizidi megabaiti mia tatu."

"Mia tatu?" alisema Fanueli, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama anajua kuvuka barabara. "Kanywe chai, mzee, urudi."

Chai ile Dastan angeinywa siku mbili. Mazishi yalikuwa ya saa mbili na dakika kumi, na hayakutaka kubanika. Fanueli alishusha ukubwa wa picha, ikatoka megabaiti mia sita na arobaini. Akapandisha namba ya ubora, ikagota mia nne na themanini. Sauti akaifanya ya upande mmoja. Bado. Mpaka hapo kanisani na nyumbani palibanika vizuri. Palipokuwa pananenepa ni makaburini, na fundi wetu alijua kwa nini. Programu hizi huishi kwa uvivu wenye akili. Zikitazama picha hii na inayofuata, huandika kilichobadilika tu, kama mama anayesimulia msiba: hasemi kwamba jeneza lilikuwa bado jeneza, anasema nani kaingia na nani katoka. Sasa manyunyu ni vitu elfu vinavyobadilika kila mahali kila nukta ya wakati. Programu ilikuwa inajaribu kuliandika kila tone.

Ndipo Fanueli alipokiona kitufe cha kuondoa chenga. Chenga ni zile punje zinazochezacheza kwenye picha iliyopigwa penye mwanga hafifu, na kitufe hicho kina ngazi: kidogo, wastani, kali, kali kabisa. Mtu mwenye kiasi angeweka kidogo. Fanueli aliweka kali kabisa, akaweka na ya sauti, ile ya kuondoa mvumo. Asubuhi ya siku ya tatu faili likatoka: megabaiti mia mbili na tisini. Alipiga kofi mezani. Alifungua sekunde chache za mahali padri anapoongea, akaona uso laini, kanzu safi, hakuna chenga hata moja. Alifurahi mno hata akanunua chapati mbili na kumpelekea jirani yake fundi viatu, bila kumweleza sababu.

Kisha akafanya lile ambalo anaposimulia hufumba macho. Kwa kuwa faili lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kuyabana, na kwa kuwa diski yake ilikuwa imejaa, na Jumamosi alikuwa na harusi Idodi, alifuta picha za asili. Akasafisha na kadi ya kamera. Maji yakimwagika hayazoleki.

Dastan alitazama video dukani, akamshukuru. Wala hakuona kasoro, kwa sababu aliyekuwepo huona hata kisichokuwepo. Ilitumwa Mbalizi mchana huohuo.

Jioni Tekla akapiga simu kwa kaka yake. "Nimeangalia mara tatu," alisema. "Mvua iko wapi?"

Kweli haikuwepo. Kitufe kilikuwa hakijui tofauti ya chenga na baraka. Kilifuta kila tone mbinguni na kila mlio wa tone duniani, kikaacha makaburi makavu, yenye mwanga mororo, na watu wameshika miavuli.

"Miavuli hiyo hapo, Tekla! Watu wamebeba miavuli ya nini?"

"Ya jua. Mwezi wa tisa watu wanabeba ya jua."

"Na makoti?"

"Mufindi mnavaa makoti hata kwenye ndoto."

Dastan alitafuta picha za simu za waombolezaji. Zilikuwepo nyingi, lakini manyunyu hayatoki kwenye picha ya simu, na yalipokolea wenye simu walizificha mifukoni. Watu saba walimpigia Tekla kumwapia kwamba ilinyesha. Ilikuwa kazi bure. Siku tano nzima ukoo huohuo ulikuwa umemwapia, kwa kinywa cha Dastan, kwamba baba yake amekula na amelala. Kwa nini aamini sasa?

Dastan alirudi dukani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akavua kofia. Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. "Fundi," alisema, "mdogo wangu anaamini baba ameondoka na kinyongo naye. Hanyonyeshi vizuri, maziwa yanakatika. Ile mvua uliipeleka wapi?"

Fanueli alieleza habari za chenga kwa maneno mengi. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mpumbavu, kwa sababu kila sentensi yake ilikuwa inaishia mahali pamoja: mikono yangu hii. Aliahidi kuitafuta.

Nyumbani alimsimulia Happy. Happy anauza vitunguu na nyanya sokoni, ni mwanamke wa maneno machache yenye uzito. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Si ipo ile yangu?"

"Ile haihesabiki."

"Ina mvua."

"Mama Lusungu, ile haihesabiki!"

Inabidi tueleze. Fanueli anapohariri video hukata makosa yake mwenyewe: anapokohoa, anapopiga picha kiatu chake, anapojikwaa. Na Happy, tangu miaka ile ya kaseti, humwomba vipande hivyo. Anavyo kwenye simu yake zaidi ya sitini, jinsi vilivyotoka kwenye kamera, na Jumapili baada ya ibada huvitazama na dada zake wakashika mbavu. Katika mazishi ya Mzee Sosthenes kilikuwamo kipande cha sekunde kumi na tisa ambacho Fanueli alikikata kwa haraka kuliko vyote, na ambacho Happy alikipata kabla ya kingine chochote. Ndicho kilichobaki duniani chenye mvua ile. Na Fanueli alikuwa akijua hivyo tangu Dastan alipovua kofia.

"Mficha uchi hazai, baba Lusungu," alisema Happy.

"Nitatafuta njia nyingine."

Njia nyingine alikuwa nayo tayari, maana programu yake ya kuhariri ina mvua ya kubandika. Unaichukua, unailaza juu ya picha, inanyesha. Fanueli alijishawishi kwamba huo si uongo: mvua ilikuwepo, anairudisha tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mwalimu. Aliichagua ya wastani, akaipunguza ukali, akabadilisha uelekeo wa matone mpaka yakawa na mwinamo wa Mufindi, kama alivyouita. Saa tatu alichezea mwinamo. Kwa sababu ya kuzama kwenye mwinamo alisahau jambo moja dogo, kuiambia mvua ianze lini na iishe lini.

Faili likatumwa. Dastan naye, kwa furaha, hakuliangalia. Kesho yake alikuja dukani akaweka simu mezani, akabonyeza, sauti ya Tekla ikasikika, tulivu mno.

"Kaka, mshukuru huyo fundi wako. Mvua nimeiona. Imenyesha mpaka altareni. Padri anasoma Injili ananyeshewa na karatasi haijalowa. Imenyesha sebuleni kwa mama, juu ya jeneza, na shangazi amekaa pembeni anakula makande katikati ya mafuriko. Sasa nimeelewa. Mmekaa kikao tena, mmeamua Tekla adanganywe, safari hii mmeita na fundi. Misa ya arobaini msinisubiri. Siwezi kuja kusimama kwenye kaburi la mtu aliyenikataa, mbele ya watu wanaonidanganya."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Fanueli hakujua kwamba inaweza kuwa fupi kiasi hicho. Aliona haya. Si haya za kuchekesha alizozizoea, zile anazosimulia kwenye vijiwe mpaka anaagiziwa soda. Hizi zilikaa kifuani zikakataa kusimuliwa. Alimtazama Dastan akaona mtu aliyempoteza baba mwezi uliopita na sasa anampoteza mdogo wake, na kilichosimama katikati ni fundi mmoja mwenye upara anayeogopa kuchekwa.

Alikwenda sokoni moja kwa moja, akasimama mbele ya mafungu ya nyanya. "Nipe ile yako."

"Nikutumie?"

"Nitumie kwenye laptopu, niiweke sawa kidogo, halafu..."

"Thubutu!" alisema Happy. "Ukiigusa utaisafisha." Akaifuta simu kwa kanga, akamkabidhi yote. "Nenda nayo hivyohivyo. Na umwonyeshe mwenyewe, uso kwa uso."

Asubuhi iliyofuata Fanueli alipanda basi la Mbeya, akafika Mbalizi alasiri, akaulizia duka la nguo za watoto la mama wa Mufindi. Tekla alikuwa ameketi kwenye chumba cha nyuma ya duka, mwanamke wa miaka thelathini na nne, amefungwa tumbo kwa kanga, mtoto usingizini mapajani. Uso wake ulikuwa umepungua. Fanueli hakuwa amemwona tangu akiwa binti wa shule, lakini yale macho ya mzee Sosthenes aliyatambua.

"Kamwene," alimsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene. Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Mimi ni Fanueli. Yule wa video."

Tekla alimtazama juu mpaka chini. "Umekuja kuninyeshea nyingine, baba?"

Alistahili. Alijikalisha kwenye kigoda bila kukaribishwa, akasema yote kwa mpigo: chenga, kali kabisa, faili alilolipenda mpaka akafuta picha za asili, mvua ya kubandika na mwinamo wake. Halafu akasema lililo gumu zaidi. "Kaka yako hakuniambia nibandike. Ni mimi. Nilikuwa na mvua ya kweli, ila nimo ndani yake, na nilivyo humo... Basi nikaona bora nikudanganye. Nisamehe." Akampa simu ya Happy, akageuza uso kutazama vigauni vilivyotundikwa.

Alikuwa akikijua kipande kile kwa moyo. Jeneza linashuka. Miti ya paina nyuma yake inafuka ukungu, na matone yanaonekana dhahiri, mengi, yakipita mbele ya koti jeusi la padri. Mpiga picha anarudi nyuma hatua moja apate kila mtu. Udongo mwekundu umelowa. Anateleza. Dunia inapinduka, na kamera inaanguka chali, ikibaki imetazama juu. Kuanzia hapo ni mbingu ya kijivu tu, kingo za miavuli, na mvua ikishuka moja kwa moja kwenye lenzi, tone juu ya tone, na mlio wake kwenye vitambaa vya miavuli. Na juu ya yote hayo, sauti ya Fanueli, nyembamba kama ya mbuzi: "Mama yangu! Nazikwa mimi! Nishikeni, nazikwa mimi!" Na mama mmoja anayemvuta mkanda wa suruali: "Zamu yako bado, baba, inuka!"

Kila Happy anapokiweka kipande hicho, Fanueli huziba masikio hapo, kwa hiyo hajawahi kukisikiliza mpaka mwisho. Safari hii mikono ilikuwa magotini. Akasikia waombolezaji wakijizuia kucheka, wakishindwa. Kisha, karibu kabisa na kamera iliyolala kwenye matope, sauti ya mwanamke mzee, inayozungumza na wa jirani yake tu: "Umeona Sosthenes? Anatania watu mpaka kaburini. Hana kinyongo huyu. Mvua yote hii, hana kinyongo na mtu."

Kipande kikaisha.

"Huyo ni shangazi," alisema Tekla.

Akakirudia. Akakirudia tena. Mara ya nne mabega yake yakaanza kutikisika, na Fanueli hakujua kama ni kicheko au kilio, mpaka alipogundua kwamba hata Tekla mwenyewe hajui. Mtoto akaamka. Tekla akampa Fanueli amshike, akajifuta pua kwa ncha ya kanga.

"Mvua mtu anaweza kuibandika," alisema. "Lakini aibu kama hii, baba yangu, nani aibandike?"

"Hakuna," alikiri Fanueli.

"Nataka kila mtu wa ukoo aione. Naitupia kwenye grupu."

Grupu la ukoo wa Kikoti lina watu mia na ishirini, kuanzia Iringa mjini mpaka Mbeya, nusu yao wateja wa Fanueli. "Naweza kukata pale katikati? Ninapopiga zile kelele? Sekunde nne tu. Mvua inabaki yote."

"Usikate kitu."

"Sawa," alisema. "Tuma."

Tekla akakihamishia kwenye simu yake, akatuma. Wakaketi wakiutazama ule mduara mdogo ukizunguka, kwa sababu mtandao wa Mbalizi siku ile ulikuwa wa kusuasua na kipande kilikuwa kizito, hakijabanwa. Kilipofika, simu ikaanza kulia mfululizo, na Tekla hakufungua ujumbe hata mmoja. Alipiga namba ya Dastan, akaweka sauti ya juu.

"Kaka. Nimeiona. Kweli ilinyesha."

Upande wa pili mtu mzima wa miaka arobaini na tano, aliyesimamia msiba wote bila kudondosha chozi mbele ya watu, alianza kulia kwenye simu, akisema nisamehe nilikuficha, nisamehe, baba alikuulizia siku ya mwisho na mimi nikashindwa kukwambia.

"Aliniulizia?" alisema Tekla.

Fanueli akamfunika mtoto vizuri, akatoka naye barazani, akaurudisha mlango polepole ili wasisikike na watu wa dukani.